Hisia, Hulka na Tafsiri ya Tukio: *Chozi la Heri* Mbele ya Msomaji wa Dundori

Utangulizi

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, hasa ule unaofundishwa katika shule za sekondari na kurithiwa na vyuo vikuu, ipo desturi moja iliyokomaa hata ikawa haiulizwi tena. Mhusika hutajwa, kisha sifa zake huorodheshwa. Fulani ni mvumilivu; fulani ni katili; fulani ni mwenye huruma. Kila sifa hufungiwa tukio moja la kuithibitisha, na ikishathibitishwa, kazi ya mhakiki juu ya mhusika yule huhesabiwa kuwa imekwisha.

Makala haya yanakusudia kuipima desturi hiyo na kuonyesha upungufu wake. Hoja inayotolewa ni kwamba hisia ya mhusika ni tafsiri yake ya tukio lililomfika, na kwamba hulka yake ni mazoea ya kufasiri aliyoyapata katika maisha yake. Mhakiki anayeruka kutoka kwenye hisia hadi kwenye sifa huiacha nje tafsiri, na tafsiri ndiyo sehemu ya mhusika ambayo riwaya peke yake yaweza kuionyesha. Hasara yake haiishii darasani, kama itakavyoelezwa.

Riwaya itakayotazamwa zaidi ni *Chozi la Heri* ya Assumpta K. Matei, iliyotoka mwaka 2014. Itatazamwa kwa macho ya msomaji wa Dundori. Msomaji huyo si mtu fulani mwenye jina. Ni nafasi ya kusimamia, na sababu za kuichagua nafasi hiyo zimo katika historia ya mahali penyewe.

Dundori ni nchi ya juu iliyo kaskazini-mashariki ya mji wa Nakuru, katika njia iendayo Ol Kalou kutoka Lanet. Ni nchi ya baridi, viazi, mahindi, kabichi na ng'ombe wa maziwa, na upo msitu wa serikali wenye jina hilo hilo. Mvua yake ni nyingi kuliko ya bondeni. Historia yake ni historia ya watu waliokuja. Wamasai walichunga katika sehemu ya kati ya Bonde la Ufa hadi mkataba wa 1904 ulipowaondoa. Walowezi wa Kizungu wakajimegea mashamba. Vibarua wa Kiafrika, wengi wao Wakikuyu, wakaishi katika mashamba hayo kama maskwota, chini ya sheria zilizozidi kukazwa mwaka 1918 na 1937. Baada ya uhuru wa 1963 ardhi ya wilaya ya Nakuru ikapita katika mikono mipya kwa njia ya miradi ya serikali, vyama vya ushirika na makampuni ya kununua mashamba. Kisha ikaja miaka ya fujo: mapigano ya 1992 katika sehemu za Molo, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, ambazo ziliufikia mji wa Nakuru mwishoni mwa Januari 2008. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 katika nchi nzima.

Kuanzia mwaka 2018, kwa miaka kadhaa, *Chozi la Heri* ilikuwa kitabu teule cha mtihani wa sekondari nchini Kenya. Mwanafunzi aliyekuwa na umri wa miaka kumi na saba mwaka huo alikuwa mtoto wa miaka sita au saba wakati nyumba zilipochomwa. Mtoto huyo, akiwa sasa ameketi darasani huko Dundori, aliombwa ataje sifa nne za jirani aliyemchomea jirani yake nyumba.

Lugha ya Kiswahili na njia tatu za kutaja hisia

Kabla ya kuiendea riwaya yafaa lugha yenyewe isikilizwe, kwa kuwa Kiswahili hakitaji hisia kwa njia moja.

Njia ya kwanza ni ya kitenzi *kuona*. Mtu huona haya, huona wivu, huona huruma, huona uchungu, huona fahari. Mwanaisimu atasema, na kwa haki, kwamba *kuona* hapa kuna maana ya kuhisi tu, kwa sababu mtu huona pia njaa, kiu na baridi, na hakuna tafsiri yoyote katika baridi. Lakini kinyambuliwe *kuonea* chatenga makundi hayo mawili. Mtu aweza kumwonea mwenzake wivu, kumwonea huruma, kumwonea uchungu. Hawezi kumwonea baridi wala kiu. Kundi la kwanza lahitaji mwelekeo: yupo anayeona, yupo anayeonwa, na katikati yao kuna namna ya kuona. Tena kitenzi hicho kikiachwa peke yake, bila jina la hisia, kumwonea mtu ni kumdhulumu. Lugha imeiweka dhuluma jirani kabisa na namna ya kumtazama mwingine.

Njia ya pili ni ile inayoifanya hisia kuwa mgeni au adui. Mtu hushikwa na hasira, hupandwa na hasira, huingiwa na hofu, hupatwa na huzuni. Hapa mwenye hisia ni mtendwa. Hakuona kitu, alijiwa na kitu.

Njia ya tatu ni ile inayoigeuza hisia kuwa mtu. Huyu ni mwoga, yule ni mkali, yule mwingine ni hasidi. Tukio limetoweka, wakati umetoweka, na aliyeonwa ametoweka pia. Limebaki jina lenye kiambishi cha ngeli ya kwanza, nalo halina njeo.

Hatua za kupanda kutoka njia ya kwanza hadi ya tatu ni rahisi, na kila mzungumzaji huzipanda kila siku. *Siku ile alimwonea jirani yake wivu. Ana wivu. Ni hasidi.* Ipo hatua ya nne inayohitaji kubadilisha kiambishi tu, kutoka umoja kwenda wingi: *Watu wale ni mahasidi.* Hatua hiyo ya nne ndiyo iliyosemwa katika mikutano ya kisiasa na kando ya barabara kabla nyumba hazijachomwa. Sarufi yake haitofautiani na sarufi ya jibu la mtihani lililopewa alama zote.

Tabia haina dawa, au mtafunwa na nyoka?

Methali nazo hazina kauli moja. Husemwa kwamba tabia haina dawa. Kwa methali hii hulka ni muhuri uliokwisha kupigwa, na hisia za mtu ni alama za muhuri huo zikijitokeza. Lakini husemwa pia kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii ya pili ina nadharia nzima ndani yake. Unyasi ni unyasi kwa watu wote. Anayeshtuka ni yule aliyetafunwa, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayeufasiri unyasi kuwa nyoka. Hofu yake yatokana na tafsiri, na tafsiri yatokana na historia.

Wanasaikolojia walilifikia jambo hilo kwa njia yao. Magda Arnold, katika kazi yake ya 1960 juu ya hisia na nafsi, alieleza kwamba hisia huanza pale mtu anapolipima tukio kuwa jema au baya kwake yeye. Richard Lazarus alilipanua wazo hilo kuanzia miaka ya 1960: mtu hupima kwanza kama jambo linamgusa, kisha hupima kama anao uwezo wa kulikabili, na kwa vipimo hivyo viwili tukio lile lile laweza kuzaa hofu kwa mmoja, hasira kwa mwingine na utulivu kwa wa tatu. Walter Mischel naye, mwaka 1968, alizusha mjadala mkubwa aliposema kwamba mwenendo wa mtu hubadilika mno kutoka hali moja hadi nyingine kuliko walivyodhani watetezi wa sifa za kudumu. Baadaye, mwaka 1995, yeye na Yuichi Shoda walipendekeza kwamba udumifu wa nafsi utafutwe mahali pengine, katika uhusiano wa hali na itikio: likitokea hili, mtu huyu hufanya lile.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Sentensi ya Mischel na Shoda imo katika methali, na viambishi vyake: *akiona … hushtuka*. Kiambishi *-ki-* chashika hali. Kiambishi *hu-* chashika mazoea. Ikiwa mhakiki atauliza hulka ya mhusika ni nini, jibu lililo karibu zaidi na ukweli litakuwa na viambishi hivyo viwili. Jibu la "ni mwoga" litakuwa limekatwa mkia.

Ridhaa na neno "mfuata mvua"

*Chozi la Heri* yaanza na mtu aliyesimama mbele ya magofu. Ridhaa, daktari, amepoteza nyumba na jamaa yake katika moto wa ghasia zilizofuata uchaguzi katika nchi ya kubuni ya Wahafidhina. Mawazo yake yanarudi nyuma hadi utotoni. Jamaa yake ilikuwa imehamia katika nchi ya watu wengine, na shuleni watoto walimtenga, wakamwita mfuata mvua. Mtoto alirudi nyumbani akilia. Mama yake akamtuliza. Akaendelea na masomo hadi akawa daktari anayewatibu watu wa nchi hiyo hiyo.

Orodha za sifa humwita Ridhaa mvumilivu, mwenye bidii na mwenye utu. Maneno hayo si ya uongo, na jina lake mwenyewe lamwelekeza msomaji huko, kwa kuwa ridhaa ni kukubali na kuwa radhi. Hata hivyo orodha haielezi kwa nini mwandishi, mbele ya majivu ya watu waliokufa, alimrudisha mhusika wake kwenye dhihaka ya watoto wa shule. Kwa kipimo cha ukubwa, matukio hayo mawili hayalingani hata kidogo. Yanalingana kwa tafsiri. Ridhaa anapoona magofu, anaona neno lile la utotoni likiwa limetimia. Maisha yake yote ya kusoma, kutibu na kujenga yalikuwa jibu kwa neno hilo, na moto umelikanusha jibu. Uchungu wake una umbo hilo, na mtu mwingine aliyepoteza mali na jamaa kwa kiasi hicho hicho, lakini asiyeitwa kamwe mfuata mvua, angekuwa na uchungu wa umbo jingine.

Uvumilivu wake pia wafaa kusomwa upya. Mama alimfundisha mtoto kwamba kutengwa kwaweza kustahimiliwa kwa kuthibitisha manufaa yake kwa wale wanaomtenga. Hayo ni mazoea ya kufasiri: akikataliwa, hujituma zaidi. Katika hali ya amani mazoea hayo yaonekana kuwa fadhila tupu. Katika ghasia yaonyesha udhaifu wake, kwa sababu Ridhaa alizoea kuamini kwamba wema wake ulikuwa umeonwa, na haukuwa umeonwa. Sifa moja, katika hali mbili, ni nguvu na ni upofu.

Hapo ndipo msomaji wa Dundori anapomzidi mhakiki wa orodha. Katika nchi hiyo ya juu, ambako mvua ni nyingi kuliko bondeni, kufuata mvua ni maelezo ya kilimo kabla hayajawa tusi. Kila kizazi kilichofika pale kiliifuata mvua au kiliifuata ardhi inayoipata: mlowezi, skwota, mwanachama wa kampuni ya mashamba. Msomaji wa hapo anajua kwamba neno halina ubaya wa asili, na kwamba ubaya wake hutokana na nani anamwonea nani kwa neno hilo.

Msiba mmoja, tafsiri mbili

Riwaya yenyewe imepanga wahusika wake wawili wawili, na mpango huo ndio ushahidi mkubwa wa hoja ya makala haya. Kaizari ameona mkewe Subira akijeruhiwa na binti zake Lime na Mwanaheri wakinajisiwa mbele yake. Lakini jamaa yake iko hai. Ridhaa hakuyaona mateso kwa macho, na hana aliyebaki naye ila mwanawe Mwangeka aliyekuwa ng'ambo katika kazi ya kulinda amani. Mateso hayo mawili yawekwa bega kwa bega kambini, katika mazungumzo ya watu wawili waliofukuzwa. Ni yapi yaliyo makubwa zaidi? Riwaya haitoi mizani, wala mizani haipo. Kila mmoja anaupima msiba wake kwa kuutazama wa mwenzake, na kipimo hicho kinabadilisha kile anachokihisi.

Jina la riwaya lashiriki katika jambo hili. *Heri* katika Kiswahili ni baraka, lakini pia ni neno la kulinganisha: heri hili kuliko lile. Hakuna heri ya namna ya pili isipokuwa kuna mtu aliyesimama kati ya mambo mawili akachagua namna ya kuyaona. Chozi la heri, basi, ni chozi lililofasiriwa. Maji ni yale yale. Maana yake imetokana na kilichowekwa karibu nayo.

Mfano wa pili ni Lunga na mkewe Naomi. Lunga alipoteza kazi kwa kukataa mahindi yasiyofaa kuliwa yauzwe kwa watu. Akaenda kulima katika Msitu wa Mamba, akaondolewa huko pia. Kwake yeye hasara ya kwanza ilikuwa gharama ya haki, na mtu aliyelipa gharama ya haki huweza kuwa maskini bila kuona haya. Naomi aliuona umaskini ule ule kutoka upande mwingine, akamwacha mume na watoto. Orodha ya sifa itaandika: Lunga, mwadilifu, Naomi, mwenye tamaa. Lakini Naomi hakuwapo pale ghalani mahindi yalipokataliwa. Gharama aliilipa bila kuwa ameichagua. Kutambua hivyo hakumfanyi kuwa mwema, ila kwamfanya kuwa mtu, na kwaonyesha kwamba uadilifu wa mmoja nyumbani waweza kufasiriwa kuwa ukatili na wengine walio chini ya paa moja.

Msomaji wa Dundori, aliye kando ya msitu wa serikali, huenda akasimama hapa kwa muda zaidi. Katika misitu ya Kenya kilimo cha vibarua kati ya miche kiliruhusiwa tangu wakati wa ukoloni, kikapigwa marufuku, kikaruhusiwa tena kwa masharti mapya. Mlimaji yule yule aliitwa mtunza msitu mwaka mmoja na mharibifu wa msitu mwaka mwingine. Lunga aliyewahi kuwa mtetezi wa mazingira na akaishia kulima msituni si mnafiki mbele ya msomaji huyo. Ni mtu aliyebadilikiwa na hali.

Kazimoto: tafsiri inayobadilika

Ili isidhaniwe kwamba jambo hili ni la riwaya moja, yafaa itazamwe *Kichwamaji* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, ampoteza dada yake Rukia baada ya Manase kumpa mimba, na mama yake afa kwa majonzi. Kazimoto aazimia kulipiza kisasi kwa kumwendea Sabina, dada ya Manase. Kisha ampenda na kumwoa.

Kwa mhakiki wa sifa hapo pana tatizo: je, Kazimoto ni mwenye kisasi au ni mwenye mapenzi? Akiandika yote mawili, orodha yajipinga. Akiandika moja, yadanganya. Tatizo latoweka mara tafsiri inapotiwa katika hesabu. Mwanzoni Sabina alifasiriwa kuwa ni dada ya Manase. Baadaye alionwa kuwa ni Sabina. Mtu hakubadilika hulka kwa ghafla. Alichokiona ndicho kilichobadilika. Na pale mtoto wao anapozaliwa na kichwa kikubwa, Kazimoto arudia mazoea yake ya zamani ya kuisoma dunia kuwa haina maana, ajiua. Hulka imo katika kurudia huko. Kama mhusika angekuwa "mkata tamaa" tangu ukurasa wa kwanza, kusingekuwa na riwaya ya kusoma, kwa sababu kusingekuwa na wakati wowote ambapo mambo yangeweza kwenda kwingine.

Sauna na Mzee Kedi

Nadharia hii, ikiwa ina thamani, haina budi kuwa na uwezo wa kuikosoa riwaya inayoitetea. *Chozi la Heri* ina wakosaji wawili wanaofaa kulinganishwa. Sauna, mtumishi wa nyumbani, awaiba watoto wa Lunga. Ni kitendo kiovu, na riwaya haikiremi. Lakini msomaji anapewa maisha ya Sauna: baba wa kambo aliyemharibu, mimba iliyotolewa, na mama aliyemtaka anyamaze. Msomaji anaweza kuona jinsi mtu aliyeuzwa kwa kimya alivyojifunza kuwaona watoto wengine kuwa bidhaa. Haimsamehe, ila anamfahamu.

Mzee Kedi hakupewa nafasi hiyo. Yeye ni jirani wa miaka mingi anayehusishwa na moto ulioiteketeza nyumba ya Ridhaa, na kwa kiasi kikubwa anaonwa kutoka nje, kwa macho ya aliyetendwa. Alipotazama boma la jirani yake katika miaka yote ile, aliona nini? Aliona mgeni aliyefanikiwa, au mwenzake aliyezeeka pamoja naye? Ni neno gani lililosemwa, na nani, hata macho yake yakageuka? Riwaya yaacha maswali hayo wazi, na mwanafunzi anayeulizwa sifa za Kedi hana la kuandika ila "katili" na "msaliti".

Huu ni upungufu wa riwaya, na ni upungufu wenye sababu. Mwandishi anayeandika baada ya msiba wa taifa huona haya kumpa mchomaji sauti, asije akaonekana kumtetea. Haya hiyo yastahili heshima. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu wa msingi kabisa katika msiba wote, yaani jirani wa kawaida aliyegeuka, amebaki gizani. Sauna mmoja hawezi kuivunja nchi. Akina Kedi wengi waweza. Fasihi ndiyo yenye njia ya kuingia katika jicho la Kedi bila kulikopa, na riwaya ya Kiswahili ya Kenya bado inadaiwa safari hiyo.

Pingamizi mbili

Yaweza kusemwa kwanza kwamba kueleza tafsiri ya mkosaji ni kumwondolea lawama. Ikiwa Kedi alichoma kwa sababu aliona adui mahali palipokuwa na jirani, basi kosa ni la macho. Pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake limo katika kitenzi kilichotajwa hapo juu. Kuonea ni kutenda. Mtu hapewi tafsiri kama apewavyo rangi ya ngozi; huizoea, huikubali, huikataa, hujifunza nyingine. Ridhaa angeweza kuifasiri dhihaka ya utotoni kuwa sababu ya chuki ya maisha, wala hakufanya hivyo. Kwa kuwa tafsiri yaweza kubadilishwa, mwenye tafsiri anawajibika nayo. Anayeondoa lawama kwa hakika ni yule asemaye kwamba Kedi ni katili kwa asili yake, kwa sababu aliyezaliwa katili hakuwa na njia nyingine.

Pingamizi la pili ni la fani. Riwaya ya Kiswahili imerithi majina ya majazi kutoka katika ngano na tenzi, na Matei mwenyewe ayatumia: Ridhaa, Subira, Mwekevu Tendakazi. Je, si mwandishi mwenyewe aliyempa mhusika sifa kabla hajatenda lolote? Ni kweli. Lakini jina la majazi ni mwaliko wa kupima, na msanii mzuri hulijaribu jina kwa matukio. Ridhaa ana jina la kukubali. Riwaya yauliza ni mambo gani ambayo mtu hapaswi kuyaridhia. Mhakiki anayelinakili jina na kuliita sifa amesikia swali akadhani ni jibu.

Hitimisho

Haikukusudiwa katika makala haya kwamba neno "sifa" lifutwe katika madarasa. Mtihani una haja zake, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi ana haja ya jibu linaloweza kusahihishwa. Lakini swali laweza kubadilishwa kidogo bila gharama. Badala ya kuulizwa, "Taja sifa nne za Ridhaa," mwanafunzi aweza kuulizwa: "Ridhaa aliona nini katika magofu, na ni nini katika maisha yake kilichomfanya aone hivyo? Nani katika riwaya angeona jambo jingine?" Jibu la swali hilo lasahihishika pia, kwa sababu ushahidi wake umo kitabuni. Tofauti ni kwamba mwanafunzi atakuwa amezoezwa kusimama hatua moja kabla ya jina.

Idara za lugha ndizo zinazowaandaa walimu hao, na desturi ya orodha haikuota yenyewe shuleni. Ilipandwa na mihadhara na vitabu vya mwongozo. Kwa hiyo marekebisho yana pa kuanzia. Kwa msomaji wa mbali jambo hili laweza kuonekana kuwa la mbinu za ufundishaji tu. Kwa msomaji wa Dundori lina uzito mwingine. Jirani yake ng'ambo ya ua ana babu aliyekuja kutoka mahali pengine, kama alivyokuja babu yake yeye. Uchaguzi huja kila miaka mitano. Siku ambayo jirani huyo atafunga lango mapema kuliko kawaida, msomaji atakuwa na tukio moja na njia mbili za kulisoma: kuuliza jirani ameona nini, au kusema watu wale ndivyo walivyo. Zoezi alilopewa shuleni litakuwa limemzoeza moja ya njia hizo.